Maiki Nne za Ng'ambo

Duka lilimkataa mara tatu. Mara ya kwanza Besi alidhani ni mtandao, mara ya pili akailaumu kadi ya benki, na mara ya tatu akayasoma maneno yenyewe polepole, kidole kikiwa juu ya kioo cha simu: bidhaa hii haitumwi nchini kwako. Basi. Hawakueleza kwa nini. Maiki nne zisizo na waya, pamoja na mtambo wake wa kupokelea wenye antena mbili, zilikuwa pale pichani zinang'aa kwa nusu ya bei ya hapa mjini, na mwenye duka hataki kuuza.

"Umeiona dharau hii?" alimgeuzia mkewe simu.

Mkewe alikuwa anapiga pasi sare ya kazini, blauzi ya samawati yenye nembo ya hospitali. Alitupa jicho mara moja. "Labda wana sababu zao."

"Sababu gani? Spika wanatuma. Nyaya wanatuma. Juzi nimeona wanatuma kinanda kizima. Maiki ndiyo iwatoe roho? Wanaona jina la nchi tu, wanasema hawa watalipa na nini."

"Wanaringa hao," alisema mama yake Besi kutoka kwenye kochi, ambaye hakuwa ameulizwa. Mama huyu alihamia kwa mwanawe baada ya kufiwa na mumewe, na kwa kila jambo lililomgusa mwanawe alikuwa na hukumu tayari mkononi. Hukumu yenyewe ilikuwa moja siku zote: mwanawe hana kosa.

Mtaa ulimwita Besi kwa sababu spika zake zikiwashwa, masufuria ya majirani hucheza rafuni. Kazi yake ilikuwa kukodisha muziki, harusi leo, mkutano kesho, na aliijua kazi hiyo vizuri. Lakini maiki zake zilikuwa za waya, na siku hizi mteja akipiga simu swali lake la kwanza ni, una maiki za bila waya? Ukisema huna, anakushukuru kwa adabu zote, kisha anampigia mpinzani wako.

Penye nia pana njia. Kulikuwa na kampuni moja iliyokuwa inawapokelea watu vifurushi huko ng'ambo. Ukijiandikisha, wanakupa anwani ya ghala lao kana kwamba umepanga chumba huko. Duka linatuma mzigo kwenye anwani hiyo likidhani wewe ni mkazi wa mtaa wao, kampuni inaupima, inaupiga picha juu ya mizani, kisha inaupandisha ndege hadi kwako. Besi alijiandikisha siku hiyo hiyo. Akaagiza tena, akaandika anwani mpya, na duka lililomkataa mara tatu likamshukuru kwa jina na kumtakia siku njema.

"Kumbe hawana noma na mimi," alisema. "Noma yao ni nyumba ninayolala."

Baada ya siku kumi kampuni ilileta fomu ya kujaza kabla ya mzigo kuondoka. Mkewe ndiye aliyemsomea, kwa kuwa macho yake yalikuwa mazima zaidi. Je, kifurushi kina manukato? Hapana. Je, kina kitu cha kulipuka? Hapana. Je, kina chombo kinachorusha mawimbi ya redio?

Hapo mkewe alisita. "Maiki hizi si zinarusha?"

"Weka hapana."

"Una hakika?"

"Mke wangu, hiyo ndiyo kazi yangu. Maiki inameza sauti. Inayotoa ni spika. Sasa mtu akikuuliza sikio lako linaongea, utamjibu nini?"

Mkewe akacheka. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa miaka minane katika chumba cha redio cha hospitali, akiwapokea madereva wa magari ya wagonjwa kwa redio ya upepo, lakini redio aliijua kama abiria anavyolijua basi: anapanda, anafika. Aliweka alama kwenye hapana, Besi akabonyeza kutuma.

* * *

Maiki zilifika katika wiki ya tatu, zimefungwa kwa karatasi za povu, na Besi alizishika moja moja kama mtu anayechagua mayai. Jumamosi ya wiki hiyo alizipeleka kazini, katika ukumbi mkubwa wa sherehe ulioegemeana na ukuta wa hospitali. Wenye ukumbi walijenga pale kwa sababu kiwanja kilikuwa rahisi, na kilikuwa rahisi kwa sababu nani anataka kucheza muziki kando ya wodi? Watu wote walitaka, ilionekana. Jumamosi zote za mwaka zilikuwa zimeshakodishwa.

Emsii aliondoka jukwaani na maiki mkononi, akatembea kati ya meza, akatoka hadi mlangoni kuwalaki wageni, na sauti yake haikukatika hata mara moja. "Besi, umenipa miguu!" alisema kwa furaha. Miaka yote alikuwa amefungwa na waya kama mbuzi kwenye kigingi.

Jambo moja tu lilimkera Besi. Emsii alipokuwa kimya, ndani ya hedifoni zake kulipita sauti nyingine, nyembamba, ya mbali: "Kituo, kituo, hapa gari la pili." Alidhani ni madereva wa teksi. Kwenye mtambo kulikuwa na kitufe cha kufungia nje sauti dhaifu, akakizungusha kidogo, na sauti ile ikapotea. Alijisifu moyoni kwa kujua kitufe hicho ni cha nini.

Upande wa pili wa ukuta, chini ya mlingoti wa hospitali, mkewe aliitikisa redio kwa kiganja. Ilikuwa imetoa kicheko. Kicheko cha watu wengi, halafu mkwaruzo, halafu kimya. Jumatatu alimwambia fundi wa hospitali, naye akamjibu kwamba ni hali ya hewa. Jumamosi iliyofuata redio iliimba ubeti mzima. Alimwambia fundi tena, na mara hii fundi akamuuliza kama anapata usingizi wa kutosha.

"Redio yetu inacheka," alimwambia mumewe wakati wa chakula.

"Hospitali lazima iwe na majini yake," alijibu Besi, na mama yake akacheka hadi akapaliwa.

Hawakuwa watu wabaya. Ni watu waliokuwa wanakula.

* * *

Jumamosi ya tatu, saa kumi na moja jioni, gari la tatu lilikuwa linarudi kutoka zahanati ya mbali likiwa na mwanamke aliyejifungua asubuhi. Mtoto alikuwa salama. Mama alikuwa anavuja damu na haikati. Nesi aliyekuwa nyuma alimwambia dereva aite kituo, damu iandaliwe na daktari wa upasuaji asiondoke. Siku za kazi hilo lilikuwa jambo dogo. Jumamosi mtunza damu hakai hospitali. Ghala linafungwa kwa ufunguo, na mwenye ufunguo lazima afuatwe nyumbani kwake kwa pikipiki, kwenda na kurudi nusu saa. Ndiyo maana simu ya redio ya saa kumi na moja na dakika kumi ilikuwa na thamani ya uhai wa mtu.

Dereva aliita mara sita. Simu yake ya mkononi haikuwa na mtandao kwenye bonde lile.

Ukumbini, emsii alikuwa amewasimamisha maharusi. "Bwana harusi," alisema, "huo mkono wa kushoto unatafuta nini huko nyuma? Subiri, chakula hakijaiva!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Besi akacheka pamoja nao. Kwenye hedifoni ile sauti nyembamba ilikuwa imerudi, safari hii inapayuka. Alisikia "nijibu", akasikia tena "nijibu tafadhali". Akazungusha kitufe hadi mwisho.

Katika chumba cha redio mkewe alisikia kila neno la mzaha ule. Alibonyeza, akauliza nani anaongea, akapandisha sauti, akaishusha, akaita magari yote manne moja baada ya jingine. Redio ya upepo ni mjinga mmoja asiyejua haki: sauti iliyo karibu huimeza iliyo mbali, hata kama ya karibu ni upuuzi na ya mbali ni roho ya mtu. Gari la tatu lilipoingia getini hapakuwa na machela, hapakuwa na daktari, na ghala la damu lilikuwa na kufuli.

Mwanamke yule alikufa saa kumi na mbili kasorobo, ufunguo ukiwa njiani.

* * *

"Mwaga kila kitu mezani," alisema katibu wa hospitali Jumapili asubuhi.

Mkewe Besi aliufungua mkoba wake. Leso, kitana, dawa za kichwa, pakiti ya pedi. Katibu aliisukuma pedi kando kwa ncha ya kalamu. Alikuwa anatafuta chombo cha muziki.

"Daftari lako linaishia saa kumi na dakika arobaini na mbili," alisema. "Dereva anasema ameita mara sita. Wewe ulikuwa wapi?"

"Kitini. Redio ilikuwa imeshikwa na watu wa sherehe. Nilisikia emsii, nikasikia watu wanacheka."

"Uliandika?"

"Niandike nini, mheshimiwa? Niandike watu wanacheka?"

Katibu alimtazama fundi, fundi akatazama viatu vyake. Fundi huyu aliambiwa habari za redio mara mbili, lakini hakuna mwenye akili anayejikumbusha makosa yake mbele ya katibu. "Mimi sina taarifa yoyote ya maandishi," alisema.

Mkewe Besi alirudishwa nyumbani mpaka kamati itakapokaa. Aliingia ndani akiwa bado amevaa sare, akaketi mezani bila kuvua viatu, akasimulia yote. Alipofika kwenye mzaha wa mkono wa kushoto aliurudia neno kwa neno, kwa sauti ya emsii, kwa sababu ulikuwa umemganda kichwani kama wimbo mbaya.

Besi aliweka kikombe chini.

"Bwana, unaumwa?" mkewe alimuuliza.

"Chai ya moto," alisema, akatoka nje akasimama kwenye kamba ya nguo. Alijua. Ilimjia yote kwa mara moja: teksi ambazo hazikuwa teksi, kitufe, duka lililokataa, fomu iliyouliza swali la haki ikapewa jibu la kijuaji. Aliushika mlingoti wa kamba. Angerudi ndani dakika ile akasema, mambo yangekuwa mabaya lakini yangekuwa mafupi. Alisimama mpaka mkewe akaingia kuoga, kisha akaenda stoo.

Mama yake alimfuata stoo, kati ya spika. "Uso huo si wa chai," alisema. "Sema."

Alisema. Mama alisikiliza mikono ikiwa kiunoni, na kwa mara ya kwanza tangu amzae hakuwa na hukumu papo hapo.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu, mama."

"Basi imeishia hapa. Nisikilize, mwanangu. Mkeo wakimchukulia hatua, watampa onyo. Wakimtoa kabisa, kazi nyingine itapatikana. Wewe watakufunga. Umeleta kitu kilichokatazwa, na mtu amekufa. Nani atanizika mimi?"

"Lakini hakufanya kosa, mama."

"Ndiyo maana hawatampata na kosa."

Maneno yale yalikuwa yana mantiki kama una haja nayo, na Besi alikuwa nayo sana. Jumanne aliziuza maiki zote nne, na mtambo wake, kwa mwenzake wa kazi kutoka mji wa juu, mwendo wa saa tatu kutoka pale. Alimwambia ni nzuri mno, ila ukumbi wa huku ni mdogo kwazo. Mwenzake alimkumbatia kwa furaha.

* * *

Alhamisi alasiri alikuja mgeni. Alikuwa mwanamume wa makamo, fundi wa kuchomelea vyuma, vidole vina makovu ya cheche. Alimwamkia mama shikamoo, akakataa kiti, akamtazama mkewe Besi.

"Mimi ndiye mume wa marehemu," alisema. "Sikuja kugombana, dada yangu. Nina swali moja tu, linaninyima usingizi. Dereva anasema aliita mara sita. Ulikuwa unafanya nini?"

"Pole sana, kaka."

"Nimeshapoa. Nijibu."

"Nilikuwepo. Nilikuwa nahangaika na redio. Nilikuwa nasikia watu wa sherehe, wanacheka."

"Mke wangu anakata roho," mchomeleaji alisema polepole, "na wewe unaniambia ulikuwa unasikia watu wanacheka."

Kuna kweli ambazo ukizisema zinakuwa tusi. Besi alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumbani, na alichofanya, kwa kuwa hakuweza kufanya cha maana, ni kusogeza kile kiti mara ya pili. "Kaa, ndugu yangu," alisema.

"Nitakaa nikipata nafasi," alisema mchomeleaji. "Mtoto nimemwacha kwa dada yangu." Akaondoka, na mama akaurudisha mlango taratibu.

Mkewe alilia mpaka jua likazama. Besi alimshika bega, naye akauegemeza uso wake kwenye kifua chake, na Besi alimwonea huruma kwa moyo wake wote. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba nguo nayo hukufuta machozi.

Jumamosi hiyo ukumbini Besi alitumia maiki za waya. Emsii alilalamika, akajikwaa mara mbili, akamwita msaliti. Besi hakujali. Hedifoni zilikuwa tupu, na aliposikia utupu ule alijihisi mwepesi. Alidhani ametubu.

* * *

Kamati ilikaa Jumamosi iliyofuata asubuhi, wajumbe watano nyuma ya meza ndefu, kila mmoja na chupa yake ya maji. Mkewe Besi alipewa kiti cha plastiki mbali na meza, katikati ya chumba, ambapo mtu hajui aweke wapi mikono.

"Tumechunguza madai yako," alisema katibu. "Tusije tukaambiwa tumekuonea. Jumamosi iliyopita tulimkalisha fundi chumba cha redio kutwa nzima. Fundi, ukumbi wa jirani ulikuwa na shughuli?"

"Harusi, mheshimiwa. Kubwa."

"Muziki?"

"Mpaka vioo vinatetemeka."

"Na redio?"

"Safi. Hata mkwaruzo hakuna. Magari yote yalisikika tangu asubuhi mpaka jioni."

Katibu alimgeukia mkewe Besi, na kusema kweli sauti yake haikuwa ya chuki. "Umesikia mwenyewe. Ukumbi ni ule ule. Harusi zipo. Redio ni ile ile. Tangu uondoke, hakuna aliyesikia kicheko. Sasa kilichoondoka hapa ni nini?"

"Sijui, mheshimiwa."

"Ni wewe."

Mkewe Besi alitazama uso baada ya uso, na mjumbe mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akimsalimia kila asubuhi kwa miaka minane, alianza kufungua kifuniko cha chupa yake. Mkewe Besi akaanza kujitilia shaka mwenyewe. Je, kweli alisikia? Je, alisinzia akaota? Hilo ndilo lililomtisha kuliko barua aliyopewa, kwamba kwa dakika nzima aliona huenda wana haki.

Barua ilisema kazi yake imekoma. Ilisema pia kwamba familia ya marehemu imefungua jalada, na Jumatatu saa tatu asubuhi aripoti kituo cha polisi. Aliombwa avue kitambulisho. Kamba yake ilinasa kwenye kishikizo cha blauzi, na wajumbe watano walimsubiri ahangaike nayo.

* * *

Alifika nyumbani saa nane na nusu. Aliiweka barua mezani, akaikunjua, akaisoma yote kwa sauti, polisi na kukoma na saa tatu. Halafu akasema, "Wamenipima kwa Jumamosi iliyopita. Redio ilikuwa safi. Sijui nimewafanyia nini majini hao mpaka wahame siku niliyoondoka mimi."

Besi alikuwa amesimama. Alipanga maneno mengi kwa siku kumi na tatu, na yote yalimkimbia.

"Ilikuwa safi kwa sababu nilizima," alisema.

"Ulizima nini?"

"Mwanangu, nyamaza!" mama alinyanyuka kwenye kochi.

"Maiki. Zile za ng'ambo. Zinarusha, mke wangu. Nilikuwa namsikia dereva kwenye hedifoni. Siku ile nilimsikia anasema nijibu, nikamzima kwa kitufe. Sikujua ni nani. Naapa sikujua. Nilijua Jumapili, ulipoutaja ule mzaha."

Mkewe hakupiga kelele. Alikaa, akaikunja barua ikarudi kwenye mikunjo yake, akaipanga sawasawa na ukingo wa meza. "Jumapili," alisema. "Kwa hiyo yule baba alipokuja hapa Alhamisi, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukampa kiti."

Akamgeukia mama mkwe.

"Na mama ulijua?"

"Mimi nilikuwa nailinda nyumba hii," alisema mama, lakini sauti haikumfuata.

"Ungeendelea kuzitumia," mkewe alimwambia Besi, "Jumamosi moja tu ungeendelea kuzitumia, wangesikia kwa masikio yao. Fundi alikuwa amekaa pale anasubiri. Ulipoona huruma ndipo uliponimaliza. Ziko wapi?"

"Zipi?"

"Maiki. Tunakwenda nazo sasa hivi, wakiwa bado wapo. Utaziwasha mbele yao."

Besi aliangalia sakafu. "Niliziuza."

"Kwa nani?"

"Mwenzangu mmoja. Wa mji wa juu."

Mama alishusha pumzi, kama mtu aliyeona mlango umefungwa vizuri. Lakini macho ya mkewe Besi yalikuwa yamebadilika. Miaka minane ya kiti kile ilikuwa imemzoeza kuhesabu barabara, magari na saa kabla ya kuhesabu cha kwake.

"Mji wa juu una hospitali," alisema. "Redio zetu zililetwa siku moja, zimewekwa mkondo mmoja wa mawimbi. Leo ni Jumamosi."

Aliichukua simu. Namba alikuwa nayo. Yeye na mhudumu wa redio wa kule walikuwa hawajawahi kuonana, lakini walikuwa wameitana dada kwa miaka. Iliita sana. Akaweka sauti ya nje ili mumewe asikie.

"Dada!" ilisema simu. "Leo si ndiyo kamati? Vipi? Ngoja, sikusikii, nipunguze hii redio. Kuna watu wanaimba humu tangu saa saba, na wiki iliyopita hivyo hivyo."

"Usiipunguze! Una gari njiani?"

"Moja. Limekwenda kuchukua mtoto wa degedege. Lilipaswa liwe limeshaita."

"Mpigie dereva kwenye simu yake. Usipompata, tuma pikipiki barabarani, na umwambie daktari asitoke. Fanya kwanza hilo. Usikate."

Walisikia kiti kikivutwa, walisikia amri zikitolewa mlangoni, na nyuma yake, wazi kabisa, watu wakiimba na emsii wa watu wengine akiwahimiza. Besi aliitambua maiki yake. Hakuna fundi asiyeitambua. Alianza kulia.

"Pikipiki imetoka," ilisema simu. "Dereva hapatikani. Dada, unanitisha. Ni nini hiki?"

"Chukua daftari. Andika saa. Andika unachosikia, neno kwa neno."

"Niandike wanaimba? Bosi wangu atanicheka."

"Andika, mdogo wangu. Mimi sikuandika."

Wimbo uliendelea. "Nimeandika. Chanzo niweke nini?"

Mama alimshika mkono mkwewe, akaushika kwa viganja vyote viwili. "Mwanangu," alisema, "nakuomba. Nakupigia magoti." Na kweli alianza kupiga magoti, mzee wa watu, akishikilia ukingo wa meza.

Mkewe alimtazama mumewe. Besi hakuitikia kwa kichwa, wala hakukataa.

"Andika maiki nne za ng'ambo," alisema mkewe, kwa sauti ile ya kazini, polepole, kila neno peke yake. "Ziliingizwa na mume wangu." Kisha akalitaja jina lake lote, majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, ambayo mtaa ulikuwa haujawahi kuyasikia.

"Rudia la mwisho," ilisema simu. "Wanaimba sana."

Akalirudia, herufi kwa herufi.